Eugène Houdry na Masega ya Motokaa

Muhula uliopita mwenzetu wa Kidato cha Tatu alituandikia habari za Louis Pasteur, nami nilizisoma kwa furaha. Muhula huu naomba nafasi niwaeleze wasomaji habari za Mfaransa mwingine. Jina lake halitajwi sana madarasani, walakini kazi yake hupita mbele ya lango la shule yetu kila siku, chini ya matumbo ya motokaa. Jina lake ni Eugène Houdry. Watu wa viwanda vya mafuta wanamjua vizuri sana. Sisi wanafunzi tunaitumia kazi yake pasipo kumjua mwenyewe.

Sababu ya mimi kumtafuta ni teksi ya mjomba wangu. Likizo ya Desemba nilikuwa kwake Morogoro. Siku moja ikawaka ile taa ya manjano yenye picha ya injini, isizimike. Mjomba akaipeleka motokaa gereji, nami nikafuatana naye. Kijana mmoja akachomeka mashine ndogo chini ya usukani, na kwenye kioo chake ikatokea namba P0420. Akasema masega yamekufa, basi. Mjomba akanigeukia mimi, mwanafunzi wa sayansi, akaniuliza masega hayo ni kitu gani na yanakufaje. Nilitazama chini kwa aibu, maana sikujua. Teksi ile ndiyo inayoilisha nyumba ya mjomba, na ndiyo iliyoninunulia godoro na sanduku la kuja nalo bwenini. Basi niliporudi shuleni nilianza kutafuta vitabuni, na huko nikakutana na Bwana Houdry. Habari za teksi nitazimaliza mwishoni.

Houdry alizaliwa tarehe 18 Aprili 1892 katika mji mdogo wa Domont, karibu na Paris. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vyuma, naye kijana akakua katikati ya moto, nyundo na chuma. Alipelekwa kusoma uhandisi wa mitambo katika chuo cha Arts et Métiers, Paris. Mwaka wa 1911 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake, akapewa nishani ya dhahabu. Wenzangu wanaosema kwamba mpira na vitabu haviketi nyumba moja wasikie hili: mwaka ule ule alikuwa kapteni wa timu ya mpira ya chuo chake, nayo ikawa bingwa wa nchi.

Aliingia katika kazi ya baba yake, lakini mwaka wa 1914 vita vikaanza. Kwanza alikuwa katika kikosi cha mizinga, kisha akahamishiwa katika vifaru, silaha mpya ambayo Wafaransa walikuwa hawajaijaribu bado. Tarehe 16 Aprili 1917, katika mapigano ya Juvincourt, vifaru vya Kifaransa viliingia vitani kwa mara ya kwanza. Vilikuwa vizito, vyenda polepole, na matangi yao ya petroli yaliwekwa mahali pabaya, hata vingi vikapigwa vikaungua na watu ndani. Katikati ya moto ule Houdry alipanga kazi ya kuvitengeneza vifaru vilivyoharibika, risasi zikiendelea kumiminika. Alijeruhiwa vibaya, akapewa nishani ya vita ya Croix de Guerre. Mimi nikifikiri juu ya maisha yake yote huona kwamba siku ile ilimwonyesha alivyo: mtu wa kuingia chini ya mtambo ulioharibika wakati wengine wanaukimbia.

Vita vilipokwisha alirudi katika chuma, lakini moyo wake ulikuwa katika motokaa za mbio. Alisafiri mpaka Marekani, akaona kiwanda cha Ford na mashindano makubwa ya Indianapolis. Akatambua kwamba injini zinaendelea kuwa bora mwaka hata mwaka, lakini petroli haiendi nazo. Petroli duni hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, injini ikagonga kama mtu anayepiga bati. Tena Ufaransa haikuwa na visima vya mafuta vya kutosha. Ilikuwa na makaa ya mawe laini, na palikuwa na mkemia mmoja katika mji wa Nice aliyesema aweza kuyageuza kuwa petroli. Houdry akamwendea, akaanzisha maabara, akatia mali yake mwenyewe.

Hapa naomba wasomaji wa upande wa sanaa wanivumilie kidogo. Mafuta mazito yatokayo ardhini ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Ukitaka petroli lazima uivunje minyororo hiyo iwe mifupi. Zamani waliivunja kwa moto mkali peke yake, na walichopata kilikuwa kidogo. Houdry alitafuta kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuliwa na kazi hiyo. Alijaribu vitu vingi mno. Hata mwaka wa 1927 akaona kwamba udongo, naam, udongo wa mfinyanzi wenye alumini na silika, unaivunja minyororo kuliko vyote, na petroli yake haigongi. Inasemekana watu wengi walioona matokeo ya udongo walikuwa wameuacha, kwa sababu baada ya dakika chache hufunikwa na masizi ya kaboni na kuacha kufanya kazi. Yeye hakuuacha. Alipitisha hewa ya moto juu yake, masizi yakaungua, udongo ukarudi kama mpya. Kisha akaweka mapipa kadhaa yafanye kazi kwa zamu, kama sisi tunavyopeana zamu za kufagia bwenini: pipa moja linavunja mafuta, jingine linasafishwa, na baada ya kama dakika kumi wanabadilishana.

Msidhani utajiri ulikuja mara moja. Kiwanda chake cha kugeuza makaa kilijengwa kwa msaada wa serikali ya Ufaransa, kikafunguliwa mwaka wa 1929, nacho kikashindwa. Petroli ilipatikana, lakini gharama ilizidi faida, na serikali ikaondoa msaada wake. Akabaki na deni na udongo wake.

Mwaka wa 1930 kampuni ya Vacuum Oil ya Marekani ikamwita avuke bahari. Nako mambo yakawa magumu kwa sababu ya dhiki ya biashara iliyoshika dunia nzima, na fedha zikapungua. Mwaka wa 1933 kampuni ya Sun Oil ikaingia kumsaidia. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka wa 1936 huko Paulsboro, New Jersey, na mwaka wa 1937 ukafuata mkubwa zaidi huko Marcus Hook, Pennsylvania. Mafuta mazito ambayo wengine walipata robo tu ya petroli ndani yake, Houdry alipata karibu nusu, tena petroli bora.

Mwaka wa 1940 Ufaransa ikaanguka mikononi mwa Wajerumani. Houdry, akiwa Marekani, alisimama upande wa Jenerali de Gaulle, akaongoza chama cha kumsaidia kilichoitwa France Forever. Serikali ya Vichy, iliyokuwa imepatana na Hitler, ikakasirika. Mwaka wa 1941 ikamnyang'anya uraia wake. Fikirini: mtu aliyemwaga damu yake Juvincourt anaambiwa kwamba yeye si Mfaransa tena. Mwaka wa 1942 akawa raia wa Marekani. Wakati huo mitambo yake ilikuwa inatoa petroli ya ndege za vita, na njia yake nyingine ikasaidia kupata kiini cha mpira wa kutengenezwa viwandani, maana mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa yametekwa na Wajapani.

Mtu mwingine angeridhika akakaa akala pensheni. Houdry alikuwa na umri wa karibu miaka 60, na sasa akaanza kuufikiria moshi. Mji wa Los Angeles ulikuwa unafunikwa na ukungu mchafu unaowasha macho, na mkemia Arie Haagen-Smit akaonyesha kwamba ukungu ule hutokana na moshi wa motokaa na wa viwanda vya mafuta, ukipigwa na jua kali. Mimi naona jambo hili lilimgusa Houdry kuliko watu wengine. Kwa miaka 20 na zaidi alikuwa ameifundisha dunia kupata petroli nyingi na nzuri. Sasa petroli hiyo ilikuwa inawarudia watu vifuani mwao. Aliogopa hasa kwamba moshi huo unaleta saratani ya mapafu.

Basi karibu na mwaka wa 1950 akaanzisha kampuni ndogo iliyoitwa Oxy-Catalyst. Kusudi lake lilikuwa kuweka kichocheo ndani ya bomba la moshi. Injini haiunguzi petroli yote sawasawa. Hutoa kaboni monoksaidi, ile hewa isiyo rangi wala harufu inayoshika damu na kuizuia isibebe oksijeni, tena hutoa petroli ambayo haikuungua. Hewa hizo zikipita juu ya kauri iliyopakwa platini zikiwa na joto na oksijeni kidogo, huungua palepale bila ndimi za moto, zikawa kabonidayoksaidi na mvuke wa maji. Mwaka wa 1956 alipata hataza ya Marekani kwa mtambo huo. Ulitumika katika magari madogo ya kunyanyulia mizigo ndani ya maghala, mahali ambapo wafanya kazi walikuwa wanavuta moshi kutwa.

Katika motokaa za barabarani mtambo ule ulikufa. Si mara moja. Ulikufa polepole, kila ulipowekwa. Na sababu haikuwa katika mtambo wenyewe. Tangu mwaka wa 1923 wauza petroli walikuwa wakitia ndani yake madini ya risasi ili injini isigonge. Risasi ile ilitoka pamoja na moshi, ikaganda juu ya platini, ikaifunika. Masizi ya kaboni Houdry aliweza kuyaunguza kwa hewa, kama alivyofanya kwa udongo wake. Risasi haiungui ikaondoka. Tazameni jinsi mambo yalivyopindana: yeye mwenyewe alikuwa amewapa watu njia ya kupata petroli isiyogonga, na hata hivyo waliendelea kutia risasi, na risasi hiyo ndiyo iliyoiua kazi yake ya mwisho. Alifariki tarehe 18 Julai 1962, mwenye miaka 70, na motokaa zilizokuwa zikipita katika njia za Marekani siku hiyo hazikuwa na mtambo wake.

Miaka minane baada ya kufa kwake, mwaka wa 1970, Wamarekani walipitisha sheria kali ya kusafisha hewa. Ili kuitimiza, viwanda vikarudi kwenye wazo la Houdry, na kuanzia motokaa za mwaka wa 1975 vichocheo vikaanza kuwekwa kwa wingi, na petroli isiyo na risasi ikaanza kuuzwa kwa ajili yao. Umbo lake sasa ni kauri yenye matundu madogo mengi sana, kama sega la nyuki, iliyopakwa platini, paladi na rodi. Ndiyo maana mafundi wetu huyaita masega. Kwetu Afrika, kusini ya Sahara, risasi iliondolewa katika petroli mwishoni mwa mwaka wa 2005. Mjomba alijifunza kuendesha kabla ya hapo, kwa hiyo alijifunzia kwenye petroli yenye risasi.

Sasa ile namba. Mwaka wa 1976 motokaa zilianza kuwekewa sensa ya oksijeni. Ni kitu kama plagi, kina kauri ya zirkoni ndani yake. Upande mmoja wa kauri unaguswa na moshi, upande wa pili na hewa ya nje. Kikipata joto la kutosha, zaidi ya digrii 300, hutoa umeme kidogo kwa kadiri ya tofauti ya oksijeni ya pande mbili. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, umeme huwa kama volti 0.1, oksijeni ikiwa imekwisha, hufika kama volti 0.9. Kompyuta huyasoma hayo, ikapunguza petroli, ikaongeza, ikapunguza tena, kwa hiyo umeme wa sensa hupanda na kushuka mfululizo. Motokaa nyingi mpya zina sensa ya mbele ya namna nyingine, lakini ya mjomba ni ya namna hii. Sensa ya pili huwekwa baada ya masega. Masega mazima huweka akiba ya oksijeni na kuitoa inapopungua, kwa hiyo sensa ya nyuma hutulia. Ikianza kupanda na kushuka sawasawa na ya mbele, kompyuta huona kwamba masega hayafanyi kazi, nayo huandika P0420.

Lakini kompyuta haiyaoni masega kwa macho. Inaiona sensa tu. Bomba likipasuka au kiungo kikilegea karibu na sensa ya nyuma, hewa ya nje huingia, sensa ikadanganyika, na namba ikatoka ile ile. Na hata kama masega yamekufa kweli, mara nyingi yameuawa na kitu kilicho mbele yao: plagi isiyochoma inayopeleka petroli mbichi ikaungua ndani ya masega na kuyayeyusha, au injini inayokula oili na kuyapaka majivu yake. Ukiweka masega mapya pasipo kuponya hayo, nayo yatakufa vilevile. Ni habari ya Houdry na risasi tena.

Gereji ile ya kwanza haikutazama hata kimoja katika hivyo. Walimwambia mjomba kwamba mapya ni ghali mno, wao watayasafisha yaliyopo. Motokaa ilibaki kwao nusu siku. Mjomba alilipa, taa ikawa imezimika, tukafurahi. Siku ya tatu ikawaka tena.

Likizo iliyofuata tulikwenda kwa mzee mmoja fundi, ambaye kwanza alikuwa fundi wa malori. Nilimwamkia shikamoo, nikamwomba ruhusa nitazame anavyofanya, akanipa tochi niishike. Aliiacha injini ipate moto, akatuonyesha mistari miwili kwenye mashine yake: sensa ya mbele inapanda na kushuka, ya nyuma inaifuata nyayo kwa nyayo. Kisha akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa maji, kwa muda mfupi tu, akasikiliza. Kwenye kiungo kilicho mbele kidogo ya sensa ya nyuma pakalia kama nyoka, na pembeni yake palikuwa na masizi meusi, ya siku nyingi. Gasketi ilikuwa imeliwa. Akaweka mpya, akafuta namba, akatuambia tuendeshe siku chache.

Taa ikawaka tena. Tuliporudi, mzee alisikitika, akajilaza chini ya motokaa, akaligonga kopo la masega kwa mpini wa spana. Likalia kama debe tupu. Akafungua sensa ya nyuma, akamulika katika tundu lake, kisha akanipisha nami nichungulie. Ndani hamkuwa na sega hata moja. Kopo lilikuwa limekatwa upande wa juu, mahali pasipoonekana, kauri ikatolewa yote, kisha likachomelewa tena na kupakwa rangi. Platini ina bei, na wanunuzi wake wapo.

Mjomba alikaa juu ya tairi kuukuu asiseme neno kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza mzee kama masega yale yalikuwa mazima siku ile ya kwanza. Mzee akajibu kwamba masizi ya kwenye kiungo yanaonyesha gasketi ilikuwa inavuja tangu zamani, na kuvuja huko peke yake kwaweza kuleta namba ile. Lakini masega yenyewe hayapo, hawezi kuyapima. Hakutaka malipo ya siku hiyo. Mjomba alimlazimisha apokee ya gasketi.

Teksi bado inafanya kazi, na taa yake ya manjano inawaka. Mjomba anaweka akiba kidogo kidogo ya masega yaliyotumika, na mzee fundi ameahidi kuyafunga yeye mwenyewe na kuzikagua plagi kwanza. Nikipanda motokaa ile siku hizi, hasa ikisimama kwenye foleni madirisha yakiwa wazi, nasikia harufu ambayo zamani sikuisikia.